Mfuatano wa Kuwaka Hubebeshwa Lawama Isiyo Yake

Kila fundi aliyewahi kushika Land Rover 109 au Peugeot 404 anazijua namba hizi kwa moyo: 1-3-4-2. Ndio mfuatano wa kuwaka kwa silinda, faringi oda kwa lugha ya gereji, na gari la zamani likianza kutetemeka mkono wa kwanza huenda hapo. Kifuniko cha distribyuta kinafunguliwa, waya za plagi zinahesabiwa upya. Zikikutwa ziko mahali pake, mwenye gari anaambiwa kwamba injini za zamani ndivyo zilivyo, avumilie. Majibu hayo mawili yana ukweli kidogo. Kinachokosekana ni kwamba sehemu kubwa ya mtikisiko wa injini iliamuliwa siku mhandisi alipochora krankshafti, na mfuatano wa kuwaka ulikuja nyuma, ukafuata kilichokwisha kuamuliwa.

Kuna mambo mawili yanayochanganywa kila siku. La kwanza ni uzito unaokwenda na kurudi. Pistoni hupanda, husimama, hushuka, husimama tena. Kila inaposimamishwa na kusukumwa upya, bloku la injini linasukumwa upande wa pili. Nguvu hii haitegemei petroli. Toa plagi zote, zungusha kranki kwa mota ya umeme, na bado utaiona. Tena inakua kwa kasi ya kutisha: mizunguko ikipanda kutoka 3,000 kwa dakika hadi 4,500, nguvu inapanda mara mbili na robo, kwa sababu inafuata mraba wa mwendo.

La pili ni kishindo cha mwako. Mchanganyiko ukiwaka, pistoni inasukumwa chini, kranki inapata msukumo wa kuzunguka, na bloku linajibu kwa kujigeuza upande wa pili huku likiegemea raba zake. Hapa swali ni vishindo vinakuja kwa vipindi gani, na kama vipindi hivyo vinalingana. Mpangilio wa silinda na umbo la kranki ndivyo vinavyotawala jambo la kwanza lote, na vina sauti kubwa katika la pili. Mfuatano wenyewe, yaani silinda ipi ifuate ipi, unagusa mambo mengine: jinsi kranki inavyojinyonga, mzigo unaoangukia beringi, na jinsi silinda zinavyonyang'anyana hewa kwenye manifoldi.

Silinda moja huonyesha yote bila kificho. Chukua Lister CS, injini ya Kiingereza ya dizeli ya miaka ya 1930, ambayo yenyewe pamoja na nakala zake kutoka India imesaga unga katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki. Ile ya nguvu farasi 6 huzunguka mara 650 kwa dakika. Kwa kuwa injini ya mipigo minne huwaka mara moja kila mizunguko miwili, hapo kuna vishindo 325 kwa dakika, zaidi kidogo ya vitano kwa sekunde. Katikati ya kishindo na kishindo, kinachoizungusha ni flaiwili zake mbili nzito. Flaiwili hizo zinatibu jambo la pili peke yake. Pistoni bado inavuta juu na chini, na dawa yake ni uzani wa kusawazisha, pamoja na bolti ndefu zilizozamishwa kwenye zege. Lister inavumilika kwa sababu inakwenda polepole. Ingelazimishwa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika, nguvu ya pistoni ileile ingekuwa zaidi ya mara 21.

Huo uzani wa kusawazisha nao una hila yake. Unafungwa upande wa pili wa kranki ili pistoni ikipanda wenyewe ushuke. Lakini pistoni hupanda na kushuka tu, na uzani unazunguka, kwa hiyo ukifika ubavuni unavuta pembeni bila chochote cha kuuzuia. Ukisawazisha pistoni yote, umeondoa mtikisiko wa juu na chini ukaununua wa kushoto na kulia. Ndiyo maana wahandisi wengi waliishia kusawazisha karibu nusu, wakagawa taabu pande mbili. Hilo ndilo litakalojirudia hadi mwisho wa habari hii: mtikisiko huhamishwa mara nyingi zaidi kuliko unavyoondolewa.

Ukiongeza silinda ya pili, ugomvi unaanza. Edward Turner alipotoa pikipiki ya Triumph Speed Twin mwaka 1937, pistoni zake mbili zilipanda pamoja na kushuka pamoja. Vishindo vikaja kwa vipindi sawa, kila mzunguko mmoja, kabureta moja ikatosha na sauti ikawa tamu. Kwa upande wa uzito, hata hivyo, hiyo ni silinda moja kubwa iliyokatwa mara mbili, na vidole vya mwendeshaji vilijua. Honda katika pikipiki zake nyingi za silinda mbili alichagua kinyume: pistoni moja juu, nyingine chini, zikipokezana kama watwangao kinu kimoja kwa zamu. Uzito ukajisawazisha, lakini kwa kuwa pistoni haziko mahali pamoja, injini inajaribu kuyumba mwisho huu na mwisho ule. Na vishindo vikawa vilema: kimoja, kingine baada ya nusu mzunguko, kisha kimya cha mzunguko mmoja na nusu. Matrekta ya zamani ya John Deere ya silinda mbili zilizolala yalikuwa na kranki ya namna hiyo, na mlio wao wa kuchechemea ulitambulika hata kwa asiyeliona trekta.

Aliyelikwepa tatizo ni Max Friz wa BMW. R32 yake ya mwaka 1923 ilizilaza silinda mbili ubavuni, moja kila upande, pistoni zikikimbiana na kukaribiana kwa wakati mmoja. Hapo nguvu zinafutana, vishindo vinalingana, na kinachobaki ni kuyumba kidogo kwa sababu silinda moja iko mbele kidogo ya mwenzake. Kwa silinda mbili sijui mpangilio ulio bora kuliko huo, ila pikipiki inakuwa na mabega mapana. Norton wao walibaki na pistoni za kupanda pamoja, na katika Commando ya mwaka 1967 wakaamua kuining'iniza injini kwenye raba ili ijitikise peke yake.

Tuje kwenye silinda nne za mstari, maana ndizo zilizojaa mitaani na ndizo zinazosingiziwa zaidi.

Kranki yake ni bapa. Pistoni ya 1 na ya 4 zikiwa juu, ya 2 na ya 3 ziko chini. Mbili zinavuta juu, mbili zinavuta chini, na kwa kuwa za pembeni zinalingana na za katikati, hakuna hata kuyumba. Sasa tafuta mfuatano. Baada ya silinda ya 1, nusu mzunguko baadaye, inayoweza kuwaka ni ya 2 au ya 3 tu, kwa sababu ndizo zinazofika juu. Kisha lazima iwe ya 4, kisha ile iliyobaki. Hesabu imekwisha: ama 1-3-4-2, ama 1-2-4-3. Ford Model T na Model A zilitumia wa pili, Land Rover na Peugeot wakatumia wa kwanza, na kwa upande wa mtikisiko hakuna aliyemshinda mwenzake, kwa sababu pistoni zinapita njia ileile kwa saa ileile. Kemshafti ndiyo inayoamua upi utumike, na kemshafti iko ndani ya bloku. Kwa hiyo fundi anayezungusha waya za plagi hawezi kuifanya injini iwe laini kuliko alivyoichora mhandisi. Anachoweza ni kukosea tu.

Na akikosea, jibu halitakuwa mtetemo wa kubahatisha. Badilisha waya ya 2 na ya 3 kwenye 404: cheche ya kila mojawapo inakuja mzunguko mzima nje ya wakati wake, valvu za kuingiza zikiwa zinafunguka. Injini inabweka kupitia kabureta, silinda mbili zimekufa, na ikiwaka itakuwa kwa kubembelezwa. Gari linalotembea vizuri hadi Morogoro lakini linatetemesha usukani halina kosa la mfuatano.

Basi kwa nini injini ya silinda nne, ikiwa mizani yake imekaa hivyo, bado inavuma mwilini? Jibu liko kwenye konrodi. Chukua injini ambayo pistoni inasafiri milimita 80 na konrodi ina urefu wa milimita 140. Kranki ikizunguka robo ya kwanza kutoka juu, ungetarajia pistoni iwe imeshuka milimita 40. Imeshuka karibu 46, kwa sababu konrodi imelala na kulala kwake kumeivuta pistoni chini zaidi. Robo ya pili inamalizia 34 zilizobaki. Maana yake ni kwamba kranki ikiwa katikati, pistoni zote nne ziko usawa mmoja, na usawa huo uko takriban milimita 6 chini ya katikati ya safari. Uzito wote wa pistoni unazama na kuinuka milimita hizo mara mbili katika kila mzunguko, na hakuna pistoni ya tano ya kuupinga.

Kwa mizunguko 3,000 hiyo ni mara 100 kwa sekunde. Na injini hiyohiyo, kwa mizunguko hiyohiyo, inawaka mara ngapi? Mara 100 kwa sekunde. Hapa ndipo ubishi wa gereji unapozaliwa: mtikisiko wa uzito na mtikisiko wa mwako vinakuja kwa mapigo yaleyale, na sikio haliwezi kuvitenganisha. Mguu unaweza. Tafuta mwendo ambao gari linavuma, kisha achia mafuta huku gia imebaki ndani na mizunguko haijashuka. Mvumo ukibaki vilevile, ni uzito wa pistoni. Ukipungua sana, ni vishindo vya mwako vinavyopita kwenye raba zilizochoka.

Walioshindwa kuuzima mtikisiko huu walitafuta pa kuupeleka. Mwingereza Frederick Lanchester, mwanzoni mwa karne ya 20, alibuni shafti mbili zenye uzani upande mmoja, zikizunguka kinyume kwa mwendo maradufu wa kranki. Mitsubishi waliirudisha fikra hiyo kwa sura yao mwaka 1975, na baadaye Porsche wakanunua haki ya kuitumia katika 944. Chrysler walipita njia ya bei nafuu. Plymouth yao ya mwaka 1931 ilibebwa kwenye raba mbili zilizopangwa ili injini iweze kujibembea kwenye mhimili wake wa asili, na Citroën wakachukua leseni ya mpango huo mwaka uliofuata. Injini ilitikisika kama zamani, ila abiria hakupelekewa habari. Kwa maoni yangu raba hizo zimefanya kazi kubwa kwa starehe ya msafiri kuliko kranki yoyote ya kifahari, na ndizo za mwisho kukaguliwa.

Silinda sita za mstari ni hadithi fupi kwa sababu ni hadithi njema. Pistoni zinakwenda kwa jozi, 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, theluthi ya mzunguko kati ya jozi na jozi. Nguvu za uzito zinafutana, na zile za konrodi nazo zinafutana, kuyumba hakuna. Mifuatano inayowezekana kwa kranki moja ni minne, na hapa uchaguzi una maana: 1-5-3-6-2-4 hauwashi kamwe silinda mbili jirani mfululizo, wakati 1-2-3-6-5-4 ungezibebesha beringi za upande mmoja vishindo vitatu mbio mbio. Ndiyo maana ule wa kwanza utaukuta kwenye Mercedes za zamani, Datsun 240Z na Land Cruiser yenye injini ya 2F. Deni linalipwa kwingine: kranki ndefu hujinyonga. Silinda ya mbele ikiipiga, ncha inatangulia, inarudi, inatangulia tena, na mwendo fulani ukifika mnyongo huo unajijenga hadi chuma kinapasuka. Gari la Rolls-Royce la silinda sita lililotangulia 40/50 ya mwaka 1906 lilisumbuliwa na jambo hilo, na dawa ikawa kranki nene zaidi pamoja na kizuizi cha mnyongo. Kwenye injini nyingi kizuizi hicho ni puli ya mbele yenye pete ya raba ndani. Pete hiyo ikifa, alama ya taimingi inahama, na fundi anajikuta akirekebisha cheche kwa alama ya uongo.

Mashindano ya magari ya Safari yaliiweka mipangilio hii yote kwenye vumbi moja. Mwaka 1956 ilishinda DKW, gari lenye silinda tatu za mipigo miwili. Jina lake la kibiashara lilikuwa 3=6, na hesabu ilikuwa ya kweli: injini ya mipigo miwili huwaka kila mzunguko, kwa hiyo silinda zake tatu hutoa vishindo vingi sawa na sita za mipigo minne. Volkswagen ya silinda nne zilizolala ilishinda tena na tena, mara ya mwisho 1962. Mercedes za silinda sita zilitawala 1959 hadi 1961, 240Z ikafuata 1971 na 1973. Peugeot 404, silinda nne za mstari zilizoinamishwa digrii 45, ikachukua 1963 na kisha 1966, 1967 na 1968, miwili kati ya hiyo ikiwa chini ya Bert Shankland wa Tanzania. Mwaka 1978 akashinda Jean-Pierre Nicolas kwa Peugeot 504 yenye V6, injini ambayo kwa kipimo chetu ni kilema. Pande zake zilipanuliwa digrii 90, pembe inayofaa silinda nane, na konrodi mbili zikashika pini moja. Vishindo vikaja digrii 90, kisha 150, kisha 90 tena. Ukiisikiliza ikiwa sailensa, inachechemea. Barabara za Kenya hazikulijali hilo. Ulaini wa injini ni starehe ya abiria na uhai wa bolti. Kushinda kunataka mengine.

Pembe ya digrii 90 inapata haki yake kwenye V8. Cadillac walianza mwaka 1914 na kranki bapa, injini ikavuma kama silinda nne mbili zilizoungwa, na 1923 wakatoa kranki ya msalaba, pini zikitazama pande nne. Mtikisiko wa konrodi ukafutika. Gharama ikawa kwenye ekzosi: vishindo vyote vinane vinakuja kwa vipindi sawa, lakini kila upande peke yake unapokea vishindo visivyolingana, na huo ndio mngurumo wa Range Rover ya kwanza ya 1970 unaopendwa na wenye nazo. Kwenye injini hiyo mfuatano ni 1-8-4-3-6-5-7-2, na hapo waya zinastahili kutazamwa kweli. Silinda ya 5 na ya 7 ni jirani na zinafuatana kuwaka. Waya zao zikilazwa sambamba, umeme wa moja unaweza kuamsha cheche kwenye nyingine kabla ya wakati.

Turudi uani, gari limeegeshwa, injini inawaka. Kwa injini ya silinda nne, hesabu mapigo ya mtikisiko kabla ya kushika spana. Ikizunguka mara 800 kwa dakika, silinda moja ikilegea pengo linakuja mara sita au saba kwa sekunde, polepole kiasi cha kuliona kwenye kioo cha pembeni kinachotikisika. Hiyo ni injini inayomisi. Fundi mzoefu atavuta waya ya plagi moja moja kwa koleo lenye mpini wa mpira: akivuta ya 1 injini inayumba, ya 2 inayumba, akivuta ya 3 hakuna kilichobadilika. Amempata mgonjwa, sasa ni plagi, valvu au ringi. Mwenye Volkswagen asishangae ikiwa ni ya 3, kwani kwenye injini nyingi za Beetle kipoza mafuta kiliinyima upepo hadi kiwanda kikaichelewesha cheche yake digrii chache makusudi.

Mtikisiko ukija mara moja kwa kila mzunguko, yaani mara 13 kwa sekunde kwa mwendo huo, tafuta uzito usiolingana: plati ya klachi, flaiwili iliyofunguliwa ikarudishwa vingine, au pistoni ngeni. Hili la mwisho ni ugonjwa wetu hasa. Silinda moja inaumia, inachongwa, inawekewa pistoni ya ovasaizi au konrodi ya mtumba, hakuna aliyeipima kwenye mizani. Tofauti ya gramu 30, kwenye injini ya mfano wetu ikizunguka mara 3,000, inavuta kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 12, mara 50 kila sekunde. Mizani ya jikoni ingeligundua hilo kabla ya gasketi kufungwa.

Na mtikisiko ukiwa mwembamba, wa kasi, unaokua na mwendo, mara mbili kwa kila mzunguko, hiyo ni silinda nne ikiwa silinda nne. Tazama raba za injini. Zilizolowa oili zimelegea, zilizokaa jua la miaka 40 zimekuwa ngumu kama ubao, na zilizokatika zimeachia chuma kigonge chuma. Ukitaka injini ya zamani isiyotikisika kabisa, nunua silinda sita za mstari na ujiandae kwa petroli yake. Ukibaki na nne, badilisha raba kwanza, pima kompresheni ya pili, na asikushawishi mtu kulipia injini kufunguliwa kabla ya hayo mawili.